Mtogwa wa Tusekile

Kutoka vilima vya Kilolo kushuka Iringa mjini palikuwa na njia tatu za baiskeli, na kila mchukuzi wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, aliapa kwamba yake ndiyo njia, za wenzake ni wazimu mtupu. Ya kwanza ilikuwa barabara ya malori, pana na ya kistaarabu, ila ilizunguka kila kilima kama mkwe anayeona haya kukutana na baba wa mumewe. Ya pili ilishuka bondeni moja kwa moja. Hiyo ilikuwa fupi kuliko zote, na wakati wa masika ilikuwa tope mpaka kwenye mnyororo. Ya tatu ilipita mgongoni mwa milima, penye upepo na ukungu, na huko palikuwa na kilima ambacho wachukuzi walikiita Shikamoo, kwa kuwa hajazaliwa mwanamume wa kukipanda bila kuinama.

Na masika ndiyo majira yenyewe ya ulanzi. Mwanzi mchanga unakatwa ncha, chini ya kidonda chake inafungwa mbeta, yaani kipande cha mwanzi mnene kilicho wazi juu, na maji ya mwanzi yanadondoka humo usiku kucha. Asubuhi unayakuta matamu, meupe kidogo kama maji ya mchele. Huo ndio mtogwa, kinywaji cha watoto, cha wanawake wanaonyonyesha na cha wazee wa kanisa. Ukiuacha mpaka kesho yake umechacha, umekuwa pombe, na wazee wa kanisa wanaupitia mbali, angalau mchana.

Mwaka ule wa hamsini na sita, mchukuzi mmoja aitwaye Sedekia alikuwa akifika mjini bila kujua amepita njia ipi. Wenzake walipobishana kilabuni kuhusu njia, wakimwuliza na yeye leo kapita wapi, alitazama magurudumu yake. Yakiwa na tope alisema bondeni. Yakiwa na vumbi jekundu alisema barabarani. Walicheka, wakidhani anatania.

Hakuwa anatania. Mwezi wa pili mwanawe wa pekee, Rozalia, alikufa kwa surua. Alikuwa ameanza kuimba nyimbo za kanisa kwa maneno yake mwenyewe. Walimzika mchana, mvua ikinyesha. Jioni ile ile Sedekia alichukua kisu chake cha kugemea akaenda kukata mianzi, maana mwanzi unataka kukatwa asubuhi na jioni. Ukikosa jioni moja kidonda kinakauka, na kikikauka usitegemee tena kitu mpaka masika mengine. Mkewe, Tusekile, alikuwa ameketi sakafuni kati ya wanawake waliokuja kulia naye. Alimwona akipita mlangoni na kisu mkononi. Na tangu jioni ile hakumwambia mumewe neno lolote tena.

Watu nao hawakukosa la kusema, maana mdomo haulipi kodi. Wengine walisema huyo ndiye mwanamume, msiba haukumlaza. Wengine walisema ana moyo wa jiwe. Wote walikosea. Ukweli ni kwamba Sedekia hakusikia chochote. Unaijua ganzi inayokushika mguu ukikaa vibaya kanisani, mahubiri yakiwa marefu? Ndiyo iliyomshika, ila yeye ilimshika mwili mzima, na hakuna aliyesema amina ili ainuke. Alikula akipewa. Alilala kukiwa na giza. Jogoo akiwika, mikono yake ilitafuta kisu.

Tusekile hakuwa mtu wa mianzi kwa kuzaliwa. Alitoka Tukuyu, upande wa Mbeya, kwenye ndizi. Sedekia alimpata wakati alipokuwa akirudi kutoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya na baiskeli mpya aliyoinunua kwa mshahara wa huko. Alisimama sokoni Mbeya kununua ndizi mkungu mzima ambao hakuwa na pa kuufunga, na muuzaji, ndiye Tusekile, akamcheka mpaka akasahau kumwuzia. Alipoletwa Kilolo kama bibi arusi, akaambiwa kinywaji kinatoka ndani ya fito, aliuliza kama watu wa huku wamekosa mbuzi wa kuwalisha miti, hata wainywe wenyewe. Kisha akaonja mtogwa. Kuanzia siku ile kila asubuhi ya masika alikuwa wa kwanza kwenye kichaka cha mianzi nyuma ya jiko, na Rozalia alipoanza kutembea alikuwa wa pili.

Sasa Tusekile alikuwa amelala katika hospitali ya mjini, na hakuwa akila. Hakuwa na homa. Hakuwa na kidonda. Uji ukiletwa aliutazama, ukapoa, ukaondolewa. Kila siku Sedekia akimaliza kushusha vibuyu vyake kilabuni alikwenda kuketi kando ya kitanda chake saa nane, na Tusekile alitazama ukuta. Saa kumi kengele ya wageni ilipolia, Sedekia aliinuka akapanda baiskeli akarudi milimani, ili jua lisizame kabla hajakata mianzi. Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda, na kama zilimuuma, hakujua.

Siku moja alikuta watu wawili wanamngoja barazani. Mmoja alikuwa muuguzi Severina, dada wa Kibena mwenye sauti nzito, ambaye wagonjwa walimwogopa kidogo na kumpenda sana. Wa pili alikuwa Asukile, kaka yake Tusekile, amevaa koti la kanisani na viatu vyenye vumbi la safari.

Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, za mama, za mvua. Asukile alikuwa mtu wa heshima na hakutaka kuanza na maneno makali.

“Shemeji,” alisema hatimaye, “sikuja kugombana. Nimetumwa na mama. Mgonjwa asiyekula kwa mume wake atakula kwa mama yake. Kesho kutwa alfajiri kuna basi la Mbeya. Nitamchukua.”

“Sawa,” alisema Sedekia.

Asukile alimtazama. Alikuwa ametayarisha majibu ya kumpa mtu anayebisha, na sasa hakuwa na pa kuyapeleka.

Severina ndiye aliyekasirika. “Sawa nini? Baba, umemwona mke wako? Basi lenyewe hili la masika linakwama kila mto. Kwa hali aliyo nayo, bila kitu tumboni, huyu hafiki Mbeya. Nimemwambia na kaka yake, anasema amri ya mama.” Akashusha sauti. “Sasa sikiliza. Leo asubuhi nimemwuliza, dada, ni kitu gani kinaweza kupita kooni mwako? Siku zote hanijibu. Leo kanijibu neno moja. Mtogwa.”

“Mtogwa,” Sedekia alirudia.

“Daktari amesema chochote atakachomeza, apewe. Lete mtogwa, baba. Mtamu, si hiyo pombe yenu ya kilabu. Hiyo kwa tumbo tupu itamtapisha, na hatanyoosha mkono tena kwa chochote. Akinywa mbeta moja tu, tumbo litafunguka, nami nitampa uji hapo hapo. Na ukija bila kitu, basi.”

Sedekia alisema atauleta. Njiani kurudi alijiambia kwamba mke wake anaweza kufa. Alijiambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kihehe, akingoja kuona kama neno litamgusa mahali. Halikumgusa. Alikanyaga pedali.

Asubuhi yake alifanya mambo kama yanavyotakiwa, lazima tumpe haki yake. Alichukua kibuyu kidogo, akakisugua ndani kwa mchanga na maji ya moto, akakisuuza, akakinusa, akakisuuza tena. Vibuyu vikubwa vya wachukuzi havioshwi kamwe, kwa sababu machicha ya jana ndiyo yanayoutia nguvu ulanzi wa leo, na wateja wa kilabuni hawalipii utamu. Lakini hiki kilitoka kikinukia kibuyu tu. Akakijaza mtogwa kutoka kile kichaka cha nyuma ya jiko, akakiziba kwa nyasi mbichi ili kipumue, akakifunika jani la mgomba, akakining’iniza kwenye usukani.

Kisha akafunga vibuyu viwili vikubwa vya kilabu huku na huku nyuma ya baiskeli. Ungemwuliza kwa nini siku kama ile alibeba pombe ya watu, angekuonyesha vibuyu. Vilikuwa vimejaa. Kamba zilikuwepo. Baiskeli ilikuwepo.

Alichagua njia ya mgongoni, kwa kuwa kule juu kuna baridi na baridi inauchelewesha mtogwa kuchacha. Ndiyo njia ya kwanza aliyoichagua kwa akili yake tangu mwezi wa pili. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mabonde, na mianzi ya watu ilichomoza humo kila upande wa njia, na mbeta zake zimefungwa shingoni. Wanawake waliokuwa wakishusha mbeta walimwamkia, “Kamwene,” naye akaitika, “Kamwene,” bila kuwaona nyuso. Kwenye Shikamoo alishuka akasukuma, kifua juu ya usukani, na jasho lilimtoka hadi machoni.

Juu ya kilima alimkuta mwenzake Philbert akikata tawi la mti. Wachukuzi wote walifanya hivyo: huko mbele mteremko ni mkali, breki zikilowa umande hazishiki, kwa hiyo unafunga tawi lenye majani nyuma ya baiskeli, nalo linakokota ardhi na kukuzuia. Philbert alikata la pili akampa. Alikuwa mtu mwema, tatizo lake lilikuwa moja tu, kwamba alikuwa anaongea.

“Unapeleka na kidogo leo,” alisema, akikitazama kile kibuyu cha usukanini.

“Cha mgonjwa.”

“Mama Rozalia anaendeleaje?”

“Yupo.”

Wakashuka pamoja. Matawi yalichora njia nyuma yao. Katikati ya mteremko gurudumu la mbele la Sedekia lilipiga jiwe, baiskeli ikaruka, ikayumba, akaituliza. Hakuanguka, lakini ulanzi ulimwagika kutoka kila kibuyu, hata kile kidogo, na Philbert nyuma yake akapiga mluzi.

Chini ya mteremko kuna kijito, na hapo wachukuzi wote hupumzika. Wanafungua matawi, wananawa uso, na wanasawazisha. Kusawazisha ni desturi ya kazi hiyo kama kukaza kamba. Hakuna ulanzi unaofika mjini ulivyotoka nyumbani, njia lazima ionje, na mwenye kilabu hapokei kibuyu ambacho hakijafika shingoni. Kwa hiyo kijitoni unatoa nyasi mdomoni mwa vibuyu vyote, unapunguza kilichojaa, unaongeza kilichopungua, mpaka vyote vimelingana. Mchukuzi mzoefu anaweza kufanya hivyo huku akisimulia habari za ng’ombe aliyepotea, wala hamwagi tone.

Philbert alisimulia. Alikuwa na habari ya baba mkwe wake na shamba la ngano huko Mufindi, ndefu, na yenye watu wengi. Sedekia aliinama kando yake akisema “ee” panapohitaji “ee”. Mikono yake ilitoa nyasi, ikainua kibuyu kikubwa, ikamimina, ikaweka chini, ikainua kingine, ikamimina. Ilipomaliza, vibuyu vyote vitatu vilikuwa vimefika shingoni. Ikaviziba. Ikafunika jani la mgomba juu ya kile kidogo, vizuri kabisa, ikakining’iniza usukanini.

“Twende,” alisema Philbert.

Jua lilikuwa limepanda walipofika Ipogolo, mahali unapovuka Ruaha Ndogo kabla ya kupanda mlima wa mwisho kwenda mjini. Philbert aliendelea. Sedekia alisimama kwenye kibanda cha Muharami, fundi baiskeli, ambaye babu yake alikuja bara kutoka Bagamoyo na misafara akapaona pana baridi lakini akabaki. Muharami alikuwa Mwislamu wa swala tano na pombe hakuigusa. Mtogwa, hata hivyo, aliupenda kuliko chai, na kwa sababu hiyo pua yake ilikuwa imepata elimu kubwa. Alikuwa akijua, kwa kunusa mdomo wa kibuyu, kama maji ya mwanzi bado ni halali yake au yameshavuka. Wachukuzi wakibishana, walimpelekea yeye.

“Ninusie,” Sedekia alisema, akimshushia kile kibuyu kidogo. “Ni wa mke wangu. Nataka nijue jua halijauharibu.”

Muharami alifuta mafuta mikononi, akatoa nyasi, akainamisha uso. Hakukawia hata kidogo. Alikirudisha kibuyu kwa mkono ulionyooka.

“Bwana Sedekia, hii pombe.”

“Nimegema leo alfajiri.”

“Umegema leo, umechanganya na ya juzi. Tazama povu. Hili povu la leo hili?”

Sedekia alitazama povu. Kisha akatazama vibuyu vikubwa, kisha mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu aliyekopesha kitu akarudishiwa kingine. Akakumbuka kijito. Alijaribu kukumbuka mwenyewe akimimina, hakukumbuka. Alikumbuka baba mkwe wa Philbert na ngano yake.

“Nilisawazisha,” alisema.

Muharami alizijua habari za Rozalia na za hospitali, maana Ipogolo ni njia panda na habari zote hupata pancha hapo. Akakuna ndevu.

“Huwezi kurudi kuchukua mwingine?”

“Ukirudi nao ni jioni, ule wa asubuhi utakuwa umechacha. Na alfajiri shemeji anaondoka naye.”

“Basi fanya hivi.” Fundi aliingia kibandani akatoka na sukari ndani ya karatasi. “Mtilie hii. Ukali utafunikwa. Mgonjwa hana ulimi wa kupambanua, mwambie ndio wenyewe, anywe, apone. Mungu atakusamehe, huo si uongo wa kuumiza mtu.”

Sedekia alishukuru, akaipokea, akaitia mfukoni. Alisukuma baiskeli kupanda mlima wa mjini. Nia ya kudanganya alikuwa nayo, nisije nikampamba. Alishusha vibuyu vikubwa kilabuni, wakavipokea, vilikuwa vimefika shingoni. Siku hiyo alichelewa, saa kumi kasorobo ndipo alipoingia wodini na kibuyu kidogo mkononi, na Severina alipokiona aliacha kazi aliyokuwa nayo. “Ngoja nikapashe uji,” alisema, akaondoka nusura akimbie. Asukile alikuwa barazani akifunga mzigo wa dada yake kwa kamba.

Tusekile alikuwa ametazama ukuta. Mifupa ya bega lake ilionekana chini ya shuka.

“Nimeleta mtogwa,” alisema Sedekia.

Tusekile akageuka. Siku zote hizo hakuwahi kugeuka. Macho yake yalikuwa makubwa usoni, na aliyatuliza kwenye kibuyu, si kwa mumewe. Sedekia alimimina kwenye mbeta aliyokuja nayo. Povu lilipanda. Mkono mmoja ulishika mbeta na mwingine ulikuwa mfukoni, juu ya ile karatasi ya sukari, na kilichobaki kilikuwa kusema, ni huu, kunywa. Lakini hata uongo unataka nguvu zake. Lazima uukusudie, uupambe, uusimamie. Sedekia hakuwa na nguvu hizo. Alikuwa na mbeta tu.

“Si mtogwa,” alisema.

“Nini?”

Ilikuwa sauti kavu, ndogo, lakini ilikuwa yake, na ilimwelekea yeye.

“Ulikuwa mtogwa. Niliosha kibuyu. Nikakijaza nyuma ya jiko, pale pako. Halafu kule kijitoni nikasawazisha.”

“Ukasawazisha.”

“Na wa kilabu. Sikukusudia, mama Rozalia. Sikujua nafanya. Mikono ilifanya yenyewe.”

Sedekia alingoja mkewe ageukie ukuta. Alikuwa na haki, na Sedekia angeinuka, angekwenda zake, na alfajiri basi lingeondoka. Tusekile hakugeuka. Alikuwa akiitazama ile mikono, iliyoshika mbeta inayotoa povu, kwa muda mrefu.

“Na siku ile ya kisu,” alisema.

“Ee.”

“Nayo ilikwenda yenyewe?”

“Nilikuwa nimeketi na wanaume. Kisha nikaona mianzi mbele yangu. Sijui nilipitaje mlangoni.”

“Ulipita mbele yangu.”

“Sikukuona.”

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijigeuza, akajifanya amelala. Tusekile alilowesha midomo yake kwa ulimi. Aliongea polepole, kama mtu anayetoa vitu sandukuni kimoja kimoja.

“Mimi nilikuwa nachemsha maji.”

“Maji gani?”

“Ya kumwogesha. Kila jioni. Naweka sufuria, nachochea, yakipata moto nachanganya na baridi, napima kwa kiwiko, naona yako sawa. Halafu namwita. Nikishamwita ndiyo nakumbuka.” Akavuta shuka kifuani. “Nayamwaga nyuma ya nyumba. Kesho yake naweka tena.”

“Kila jioni?”

“Mpaka siku mliponileta huku.”

“Mimi sikujua.”

“Ulikuwa kwenye mianzi.”

Kengele ya wageni ililia. Wageni wa vitanda vingine waliinuka, wakakusanya vikapu vyao, wakaaga. Hii ilikuwa saa ya Sedekia, saa ambayo miguu yake ilimwinua kila siku bila kumwuliza. Alisikia miguu ikijikusanya chini ya benchi. Akaiambia ikae, naam, aliiambia kwa maneno, kwa sauti ya chini, na muda ulipita kabla haijakubali.

Tusekile alitazama dirishani, kisha akamtazama yeye.

“Jua linakwenda,” alisema. “Mianzi?”

“Itakauka.”

“Yote?”

“Yote.”

Tusekile aliinyoosha mikono akaichukua mbeta kwake, akanywa funda moja la ile pombe ya kilabu, akakunja uso, akaiweka chini. “Mbaya,” alisema. Kisha uso ule uliokunjwa haukukunjuka. Uliendelea kukunjwa, na akaanza kulia, kwanza bila sauti, halafu kwa sauti ya kwao, ile ndefu ya mamake na bibi zake, aliyoibana tangu siku ya mvua. Sedekia alitaka kumwambia anyamaze, kwamba watu wanalala. Akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa maneno. Kiliuma. Kilitoka mahali ambapo alidhani hapana kitu, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa shuka, na hapo ndipo alipojua, kwa mara ya kwanza, kwamba Rozalia amekufa.

Asukile aliusikia ukelele kutoka barazani, akaingia mbio na kamba mkononi, akiamini dada yake amekata roho. Aliwakuta wote wawili wanalia, mmoja kitandani, mmoja amepiga magoti sakafuni, wameshikana mikono, na Severina amesimama katikati yao na bakuli la uji wa moto, hajui ampe nani.

“Shemeji,” Asukile alisema, akaiweka kamba chini.

Tusekile alifuta pua kwa shuka. Bado analia, alinyoosha mkono, akalipokea bakuli.